Shajara ya kontena yetu ya kwanza ya pweza: toka mwamba wa Kigombe mpaka cheti cha afya

3 Septemba, Kigombe

Bamvua, yani zile siku bahari inakupwa sana, limeanza leo na mi nimefika diko la Kigombe, pale wavuvi wanapopandishia mzigo, saa mbili asubuhi kabla maji hayajakauka, makusudi kabisa, maana nilishajiambia huu mradi siuanzii ofisini. Kiwanda chetu kidogo pale Tanga mjini kimeshapata namba ya kuruhusiwa kuuza Ulaya, sasa kilichobaki ni kontena ya kwanza, ya futi 20, pweza wa kugandishwa wa kwenda Italia, na kazi yangu mimi kama mtu wa koliti ni kuhakikisha inaondoka na cheti cha afya ambacho kila mstari wake ni kweli. Nitakuwa naandika hapa hatua kwa hatua kwa sababu wakati sisi tunaanza tulitafuta mtu wa kutueleza kwa Kiswahili hii kitu inaendaje tukakosa, kila mtu anakwambia tu nenda ofisi ya uvuvi utaambiwa, na kweli wanakuambia, ila ukifika huko hujui hata cha kuuliza.

Nimefuatana na bi mkubwa mmoja anayechokoa pweza tangu hajaolewa, sasa ana wajukuu. Saa nne mwamba ulikuwa wazi mpaka kule mawimbi yanakovunjikia. Anatembea polepole, na hamtafuti pweza mwenyewe, anatafuta maganda ya kaa na makome yaliyotupwa mbele ya shimo, kwa sababu pweza akila anatupa uchafu mlangoni kwake. Akiona hivyo anaingiza mchokoo, anatulia, anausikiliza kwa kiganja. Wa kwanza alitoka amemzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko, na yeye hakuhangaika, aliingiza dole gumba akakigeuza kichwa ndani nje mara moja tu, na hapohapo ile rangi ya kahawia ikaanza kumtoka huku naangalia, ikawa kijivu, ikawa karibu nyeupe. Sekunde tatu hazikufika.

Kwenye shimo la nne alisikiliza afu akautoa mchokoo mtupu. Nikamuuliza vipi shangazi, hayumo? Akasema yumo, ila bado mtoto. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na mimi kiwandani nina mzani wa dijitali kwa kazi hiyo, huyu mama mzani wake uko kwenye ncha ya fimbo.

Tulipokaa kivulini akaniuliza swali. "Mwanangu, hicho cheti mnachokihangaikia, cha nani? Chako wewe au cha pweza?" Nikamwambia cha pweza, shangazi, serikali yetu inawaambia Waitaliano kwamba huyu pweza tumemwangalia na ni salama kwa kula. Akanyamaza kidogo. "Na Kigombe mumo imeandikwa?" Nikamwambia nitaangalia. Sikuwa na jibu.

9 Septemba, ofisini

Siku nzima nimeshinda na fomu. Nimeiprinti nikaibandika ukutani kurasa zote.

Cheti kina sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo ya mzigo: anayetuma, anayepokea, nchi ulikotoka, namba ya kiwanda, namba ya kontena na namba ya sili (lakiri ya mlango wake), idadi ya katoni, uzito halisi na uzito pamoja na vifungashio, jina la kisayansi la mnyama (wa kwetu ni Octopus cyanea, sio vulgaris, na hapa wengi wanakosea kwa kunakili fomu za watu), ameandaliwaje, namba za loti, yani mafungu ya mzigo. Ya pili ndiyo yenye uzito: pale afisa wa uvuvi anathibitisha kwa saini yake kwamba mzigo umetoka kwenye kiwanda chenye mpango wa HACCP (wa kuzuia hatari za chakula kabla hazijatokea) unaofanya kazi, umeshikwa na kuandaliwa kwa usafi, umegandishwa na kutunzwa kwenye nyuzi zinazotakiwa, na haujazidi viwango vya vitu vya sumu. Kuna na kipande kinachohusu afya ya wanyama kwa samaki wa kufugwa, hicho kwetu kinakatwa kwa mstari kwa sababu pweza wetu ni wa bahari huria, na kukata nako kuna utaratibu, usipokikata mpokeaji anajiuliza kama ulisoma.

Halafu mambo madogo ambayo mtu unayapuuza. Saini na mhuri viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa. Kurasa zote ziwe na namba ya cheti na zihesabike. Kisainiwe kabla mzigo haujatoka kwenye mikono ya mamlaka, yani huwezi kuwahisha kontena leo cheti kikaja kufuata kesho. Na kiwe kwenye lugha ya nchi ambayo mzigo unaingilia, kwetu Kiitaliano, ila afisa hatakiwi kusaini lugha asiyoielewa kwa hiyo kinatoka cha lugha mbili, Kiitaliano na Kiingereza sambamba.

Hii ya lugha niliipenda sana kiukweli. Kuna mtu huko walikoandika sheria amefikiria kwamba anayesaini ni binadamu na lazima ajue anasema nini.

Cheti cha afya kisichanganywe na hati ya uvuvi, ile inayoonyesha pweza hakuvuliwa kiharamu, hiyo Ulaya wanaidai tangu 2010 na ni karatasi nyingine kabisa. Sisi wenye vyombo vidogo visivyokokota nyavu, chini ya mita 12, tuna fomu yake nyepesi. Nisiipoteze siku kwa hiyo.

Nimetafuta Kigombe kwenye fomu. Haipo. Hakuna mahali pa kijiji wala diko. Kuna TZ, kuna namba ya kiwanda, basi.

19 Septemba, usiku

Nimechoka na nina hasira, naandika hivyohivyo.

Tuna mawakala wanne: Kigombe, Tongoni, Chongoleani na Moa. Leo nimepita kwenye diko mojawapo, silitaji kwa sababu tumeshamalizana na wahusika, nikakuta ndoo tatu kubwa za bluu zimefunikwa kwa gunia. Nikafunua. Pweza wamelowekwa kwenye maji ya kisima. Kwa asiyejua, pweza ukimlaza kwenye maji ya chumvi ya bahari yake anabaki alivyo, ukimtia kwenye maji baridi yasiyo na chumvi nyama yake inayafyonza, anavimba, mikono inakuwa minene inang'aa na mzani unaongezeka. Ukimbonyeza kwa kidole shimo linabaki. Yule wa kawaida kidole ukikitoa nyama inarudi.

Nilimchukua mmoja nikamning'iniza tu kwa mkono mbele ya wote pale, maji yakaanza kuchuruzika kwenye ncha za mikono, na yakaendelea, sikusema neno. Kijana wa wakala akasema "lakini kaka kila mtu anafanya". Nikamwambia mdogo wangu, sikia, kwenye cheti kuna sehemu imeandikwa uzito halisi, na kuna afisa wa serikali atasaini chini yake, na huko wakimyeyusha huyu wakakuta kilo nzima imekuwa gramu 800 na maji, hawatakuandikia wewe barua, wala mimi, wataandika Tanzania. Na maji ya kisima chenyewe umeyapima? Yana nini? Kwa sababu pweza ameshayanywa hayo.

Ndoo zote tatu tumezikataa. Ilikuwa karibu kilo 140. Wale kina mama waliomuuzia wakala hawana kosa, wao waliuza pweza mzuri asubuhi, wamelipwa, ni wakala aliyetaka kuongeza. Nimepiga simu kwa bosi usiku huu nikamwambia tuweke bei moja ya juu kidogo kwa pweza asiyelowekwa na tupime kwa kidole na kwa mzani wa kuning'iniza dakika kumi kabla ya kupokea. Amekubali. Wakala amesema atabadilika, tutaona, bamvua la mwezi ujao litasema.

27 Septemba

Sampuli zimeondoka. Loti nne, kila moja sampuli zake, kwenye kulubox zenye barafu, zimefungwa na kuandikwa, kwenda maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, Mwanza. Mimi mwenyewe nimekaa nazo kwenye basi. Wenzangu walisema nizikabidhi kwa kondakta, nikakataa, kwa sababu mwezi wa saba tulijaribu hivyo na sampuli za majaribio zikafika zinanuka, mtu alihamisha boksi akaliweka juani kwenye stendi. Safari ndefu mno, mgongo unauma, ila kila tulipopumzika nilishuka nikafunua nikatia kipimajoto. Digrii 2, 3, 2, 4, afu nikaongeza barafu Singida.

5 Oktoba

Majibu yametoka. Bakteria safi kote. Risasi na zebaki ziko chini sana ya kiwango, huko Ulaya kwa jamii ya pweza na ngisi ni miligramu 0.30 kwa kilo kwa kila moja. Shida ni kadimiamu, metali nyingine ya sumu. Mwisho ni 1.0 kwa nyama isiyo na matumbo. Loti ya Kigombe 0.18, Tongoni 0.21, Chongoleani 0.24. Ya Moa ni 0.87.

Kisheria imepita. Bosi akafurahi, akasema si imepita. Mi sikulala. 0.87 kwenye sampuli maana yake kwenye loti hiyohiyo kuna katoni inaweza kuwa 1.1, na nani ajuaye wao watafungua katoni ipi.

Nikakaa nikajiuliza kwa nini Moa. Bahari ni ileile, pweza ni yuleyule. Kadimiamu kwenye pweza haikai kwenye mikono, inajikusanya kwenye lile tezi la kusagia chakula, watu wetu wanaliita ini, lile la rangi ya kahawia lililoko kichwani pamoja na mfuko wa wino. Likipasuka linamwaga kila kitu kwenye nyama. Nikampigia wakala wa Moa, nikamuuliza pweza wanatolewa matumbo saa ngapi? Akasema kule wavuvi wanazamia mbali kwa ngalawa, wanarudi jioni, pweza wamekaa chini ya ngalawa mzimamzima saa tano sita, wakifika wanakata kichwa kwa kisu haraka maana giza linaingia. Kwa kisu. Yani wanalipasua wenyewe, na kabla ya hapo limeshalainika kwa joto.

Na Kigombe? Kigombe hawatumii kisu.

Loti ya Moa nimeitenga. Haiingii kwenye kontena hii. Bosi hajafurahi, ni kilo 1,900 na pesa yetu imelala humo, itabidi iuzwe soko la ndani baada ya kupimwa upya, ila mi ndo ninayekaa mbele ya afisa siku ya ukaguzi na siwezi kumtazama usoni nikamwambia niko na uhakika wakati sina.

18 Oktoba, Moa

Leo nimemchukua bi mkubwa wa Kigombe nikampeleka Moa kwa gari la kiwanda. Hajawahi kufika, ingawa ana ndugu Horohoro. Njiani alikuwa kimya, nadhani alikuwa na wasiwasi atawaambia nini wanaume wazima wenye ngalawa zao.

Tulipofika wazee wa diko walimpokea vizuri, shikamoo nyingi, kahawa, tende. Vijana wao walikuwa na pweza wa asubuhi. Akaomba mmoja. Akamshika mkono wa kushoto, kichwa kimeangalia juu, akaingiza dole gumba chini ya ukingo wa kichwa pale penye uwazi akazungusha kidogo, kile kichwa kikageuka ndani nje kama soksi, na matumbo yote yakabaki yameshikilia kwa nyuzi mbili tatu, ini zima, mfuko wa wino mzima, hakuna hata tone. Akazibana zile nyuzi kwa kucha, akavuta taratibu, yakatoka fungu moja. Akayaweka kwenye kiganja cha kijana mmoja. "Haya, lione. Likikuchafua mkono umekosea."

Vijana wakajaribu. Wa kwanza alipasua, wino ukamrukia shati. Wa pili vilevile. Bi mkubwa akamshika yule kijana mkono kabisa akamwongoza kidole, "si nguvu baba, zungusha", na wa tatu akaweza. Kufika adhuhuri walikuwa wanane wanaofanya bila kupasua. Tukakubaliana: matumbo yatolewe hukohuko baharini mara tu pweza anapopandishwa chomboni, sio jioni, na kila ngalawa ipewe kulubox na barafu kutoka kiwandani kwetu, ya maji tuliyoyapima.

Mimi nimesoma chuo cha uvuvi, nina cheti cha HACCP, na nimeandika utaratibu wa kurasa 14 wa kutoa matumbo kwa kisu cha pua. Nimeufuta leo. Nimeandika upya aya moja na picha sita za mkono wa huyu mama.

Kitu kingine cha Moa, mpaka wa Kenya uko karibu, na pweza wa upande wa pili wa mpaka wanaingia kwa ngalawa kirahisi, ni watani na ndugu, hakuna anayeona ubaya. Nimeomba kwa heshima sana wasitupe sisi. Cheti kinasema asili TZ. Pweza wa Vanga ni mzuri tu lakini si wa cheti hiki.

24 Oktoba

Umeme ulikatika saa nane usiku mpaka kumi na moja. Jenereta iliwaka. Chumba cha baridi kilipanda toka -22 mpaka -20 kikarudi. Nimeiandika kwenye rejista na saa zake, pamoja na kwamba hakuna ambaye angejua.

6 Novemba, kiwandani

Siku ya ukaguzi na kupakia. Afisa wa uvuvi amefika saa moja na nusu asubuhi, nilidhani atakunywa chai kwanza, hapana, amevaa koti jeupe, kofia na gambuti akaingia moja kwa moja chumba cha baridi.

Ametoa katoni saba kwa kuchagua mwenyewe, hakutaka zile za mbele. Akatoboa pweza kwa drili ndogo akaingiza kipimajoto katikati ya nyama: -19, -20, -19. Kinachotakiwa ni -18 au chini ya hapo. Akayeyusha wawili akawanusa, akawabonyeza kwa kidole, nyama ikarudi. Akageuza kichwa kuangalia ndani, hakukuta kitu. Akauliza nani anawasafisha hivi? Nikamwonyesha picha ukutani. Akaziangalia muda mrefu.

Afu akaomba rejista ya nyuzi joto, akaenda moja kwa moja kwenye usiku wa tarehe 24. "Hapa umeme ulikatika?" Ndiyo. "Mmeandika wenyewe?" Ndiyo afisa. Akatikisa kichwa akaendelea. Moyo wangu ulikuwa unadunda lakini nilijua kwa nini ameridhika, rejista isiyo na hata siku moja mbaya kwa miezi miwili mjini Tanga hakuna mtu wa kuiamini.

Katoni 560, kila moja kilo 20, jumla kilo 11,200 uzito halisi. Kigombe, Tongoni, Chongoleani, na Moa ile mpya ya baada ya tarehe 18 ambayo tuliipeleka kupima peke yake ikaja 0.26. Nilipoiona hiyo namba nilimpigia bi mkubwa hapohapo, akasema alhamdulillah, afu akauliza kama yule kijana wa shati la wino hajambo.

Kontena ikafungwa saa kumi na moja jioni, sili ikapigwa mbele ya afisa, nikapiga picha, nikamsomea namba akaandika. Cheti kikasainiwa kwa wino wa bluu kwenye maandishi meusi, mhuri kila ukurasa. Gari likaondoka kuelekea Segera, likashike njia ya Chalinze mpaka bandari ya Dar es Salaam.

8 mpaka 9 Novemba

Jamani. Saa tatu asubuhi wakala wetu wa forodha Dar amepiga simu. "Kaka, sili mliyoandika kwenye cheti inaishia na 3. Hii ninayoiona hapa inaishia na 8."

Nikafungua ile picha nikaikuza. Barafu. Kulikuwa na ukungu wa baridi umegandia kwenye sili, umefunika upande wa kushoto wa tarakimu ya mwisho, 8 ikaonekana 3. Ni mimi niliyesoma, afisa aliandika nilichomsomea.

Wakala, na simlaumu, anataka kusaidia, akasema si tunaongezea tu kwa kalamu, nani ataona. Nikamwambia usiguse hiyo karatasi. Cheti kikishachorwa juu au kupakwa korekta kimekufa, na zaidi ya kufa kinawafanya wale wa upande wa pili waanze kutilia shaka kila cheti kitakachotoka Tanga baada ya hapo. Namba moja ya sili ikitofautiana na ya kontena, wao wanaona mzigo ambao huenda umefunguliwa njiani, na hawana kosa kufikiri hivyo, mi mwenyewe ningefikiri hivyo.

Nikarudi kwa afisa na picha, pamoja na picha mpya ya sili iliyopigwa bandarini, imefutwa ukungu. Nilitegemea kugombezwa. Alisikiliza, akathibitisha kwa simu na mwenzake aliyeko bandarini kwamba sili ni ileile haijaguswa, afu akatoa cheti cha kubadilisha, chenye namba yake mpya, kimeandikwa wazi kwamba kinafuta na kuchukua nafasi ya kile cha namba fulani cha tarehe 6. Cha zamani nikakirudisha kwa mkono wangu, orijino. Huo ndio utaratibu kosa likiwa la kiuandishi na mzigo wenyewe ni uleule. Imechukua siku moja na nusu. Meli haikutuacha.

Kuanzia leo sili inafutwa kwa kitambaa, inasomwa na watu wawili, mmoja anasoma wa pili anaandika afu wanabadilishana. Nimeliandika kwenye utaratibu likiwa namba moja.

29 Novemba

Meli iko baharini, hakuna la kufanya, na nimeshindwa kukaa.

Leo bosi wangu wa zamani, mzee aliyefanya kazi viwanda vya sangara kule Mwanza, alipita Tanga tukakaa barazani. Akanisimulia 1999, Ulaya walipozuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka nchi zote tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Alisema kilichomuuma zaidi ni kwamba mvuvi aliyetega ndoana zake kihalali na yule aliyemwaga sumu walirudi nyumbani mikono mitupu sawasawa, kwa sababu wakati ule hakukuwa na namna ya kuonyesha huyu samaki ni wa nani. Viwanda vililala. Wanawake wa mapanki (mifupa ya sangara inayobaki viwandani), wasukuma toroli, wauza chai getini, wote. Maabara, wakaguzi, haya mambo ya loti ninayoyahangaikia, mengi yalipata nguvu baada ya pale.

Nilipobaki peke yangu nikachukua daftari la loti. Loti zetu tulikuwa tunaziita kwa tarehe na namba tu, 001, 002. Nikakaa nikafikiria lile swali la tarehe 3 Septemba.

22 Desemba

Imepita. Imeili imeingia saa sita mchana. Walikagua karatasi, wakalinganisha sili na lebo, wakafungua, wakatoa katoni wakapima joto. Mzigo umeruhusiwa kuingia sokoni.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kreti za plastiki karibu na mashine ya barafu. Dogo wa mzani akaja akakaa pembeni yangu, hakuuliza, akaniona tu usoni akaanza kucheka.

31 Desemba, Kigombe

Bamvua. Maji yamekauka saa nne kama siku ile, kaskazi inavuma, jua kali.

Nimekuja na kopi ya cheti kwenye bahasha ya plastiki na nikamwonyesha bi mkubwa. Macho ya karibu yanamsumbua kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyesoma. Nikamwambia shangazi, uliniuliza kama Kigombe imeandikwa, kwenye hiki haipo, fomu yao haina nafasi ya kijiji. Akasema "aa, basi" na akataka kunirudishia.

Nikamwambia subiri. Nikatoa lebo ya kontena ya pili tunayoanza kukusanya leo. Sehemu ya loti mamlaka imetuachia tuunde namba wenyewe mradi ifuatilike, na namba za loti zinaingia kwenye cheti jinsi zilivyo. Mjukuu akasoma herufi moja moja: K, G, B, tatu moja, moja mbili, sifuri moja.

"KGB ni nini?" akauliza bibi.

"Kigombe, bibi," mtoto akasema. "Na hii thelathini na moja ni leo."

Bi mkubwa aliishika ile lebo kwa vidole viwili, kwa pembeni, ili asiiloweshe. Akaniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia nina rola nzima kwenye gari. Akamwagiza mjukuu alete kifuniko cha ndoo yake ya pweza, akakifuta kwa khanga mpaka kikakauka, akabandika yake katikati, akaibonyeza pembe zote nne. Afu akachukua mchokoo wake, maana maji yalikuwa yanakaribia kugeuka.

Loti KGB-3112-01: pweza 23, kilo 31.4, matumbo yametolewa mwambani, joto wakati wa kupokea digrii 2.